Utani wa Msibani Uliopigwa Chapa

Baba yangu alikuwa na mbwa aliyechukia viatu. Sisemi alivitafuna. Alimchukia mtu aliyevivaa. Ukija peku, hata kama ni mwizi wa kuku, mbwa yule anainua jicho moja na kulala tena. Ukija na viatu, anakukimbiza mpaka upande mti. Siku hizo wenye viatu huko kwetu milimani, upande wa Njombe, walikuwa wachache: karani wa kodi, padri wa Uwemba na mwalimu. Padri alikuwa na pikipiki, akapona. Mwalimu alikuja kwa miguu kuuliza kwa nini siendi shule, akarudi kwake na suruali ya mguu mmoja. Tangu hapo nikifika darasani ananitazama kama mimi ndiye niliyemng'ata, ananichapa asubuhi kabla sijakosa. Nikaacha. Nilikuwa darasa la pili. Kwa hiyo ukikuta humu maneno yamekaa vibaya, mlaumu mbwa.

Mbwa akafa kwa uzee. Nasikitika mpaka leo kwamba alikuwa ameshaoza siku alipofika kwetu mtu wa viatu niliyetaka ang'atwe kuliko wote.

Huyo alikuwa msomi wa chuo kikuu. Mtu mweusi kama mimi, Mtanzania, mpole, anasalimia kila mtu hadi mbuzi. Alisema anaandika kitabu cha historia ya watu wa nyanda za juu: nani alitoka wapi, nani alimkuta nani, vita vilikwendaje. Ilikuwa miaka ile ya kupanga foleni ya sukari. Alikuwa na redio ya kaseti ya kunasia sauti na daftari lililofungwa kwa mpira. Tulimpa chumba, tukampa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, akasema mtamu. Mtu asiyeujua ulanzi akisema mtamu siku ya kwanza, muogope.

Akiwa bado kwetu, baba akafa.

Hapa lazima nieleze, maana nimekaa Makambako miaka mingi kati ya watu wa malori waliotoka kila mkoa, na nimeona si wote wanaojua utani wa aina yetu. Ukoo wetu na ukoo wa jirani ni watani tangu mababu. Mtani akikutukana hukasiriki. Ukikasirika unatozwa kuku, na kuku huyo analiwa mbele yako huku wakikucheka. Msibani ndiyo kazi yake hasa. Anachimba kaburi, anavaa koti la marehemu na kutembea kama marehemu, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Anatukana ili wafiwa wapate kupumua.

Mtani wangu, tuliyekua pamoja, alikuwa bingwa. Siku ile alivaa koti la baba, akashika kiuno kama baba alivyokuwa akikishika akiumwa mgongo, akajilaza mbele ya jeneza.

"Mnamlilia nani nyie?" akapiga kelele. "Huyu tulimwokota! Babu yangu alimkuta babu yake bondeni, mateka katoroka vitani, kamba shingoni, anakula panya wabichi! Tukamwonea huruma. Tukamwazima bonde afugie panya wake. Leo kafa, rudisheni bonde letu, na panya wetu!"

Watu wakacheka. Mama yangu mwenyewe, mjane wa siku moja, alicheka machozi yakimtoka, kisha akatafuta ukuta akaegemea.

Nami nikamjibu, maana ukinyamaza umeshindwa. "Chukua, we mla viwavi! Chukua bonde na wajane wote wawili, uwalishe! Wewe uliyeletwa hapa ndani ya kapu la mbolea!"

"Wajane sitaki, wanakula sana!"

Akapewa kuku na kibuyu cha ulanzi, akaamka, tukamzika mzee.

Yule msomi alikuwa amesimama pembeni, redio yake imewashwa, anaandika mbio mbio. Nilimfuata jioni nikamwambia wazi, "Mwalimu, yule ni mtani wetu."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Naelewa, ndugu. Ndiyo maana anaweza kusema ambayo wengine wanaogopa kuyasema."

Sikumwelewa. Nilidhani kaelewa.

Akaondoka, tukamsahau. Kisha ikaja miaka ya ruksa. Nyinyi vijana mnadhani ruksa ilikuwa sherehe. Ghafla kila kitu kilikuwa kinauzwa. Makambako palijaa mitumba, nyumba za wageni zikaota kama uyoga, malori ya mahindi na mbao yakawa yanalala barabarani yakisubiri kupakia. Hata vitabu vilikuja, maboksi kwa maboksi, vimekatwa jalada, watu wakawa wanafungia karanga. Nilikula karanga nyingi katika karatasi zenye maandishi madogo madogo, na sikuona zimeongezewa ladha.

Kitabu cha yule msomi hakikuja kwa karanga. Kilikuja kwa posta, kimoja tu, kwa jina la mtani wangu. Mimi niliyemlaza na kumlisha sikupata hata barua. Mtani wangu hajui kusoma kuliko mimi, lakini alikifunga ndani ya kanga ya mkewe, akakiweka juu darini. Wanafunzi wakaanza kuja kutoka vyuoni kumwona, kwa sababu ndani ya kitabu ametajwa. Wanakaa barazani kwake, wanamwita mzee wa historia. Akanunua fimbo. Sauti ikapungua, akawa anakohoa kabla ya kusema.

Kilichoniudhi zaidi, aliacha kunitania. Namkuta njiani namwambia, "We mla viwavi, umeamkaje?" Ananijibu, "Kamwene," salamu ya kumpa yeyote, na kupita, kama askofu.

Sasa bonde. Bonde lenyewe lipo, hilo halikuwa la utani. Ni kinyungu chetu, udongo mweusi wa chini usiokauka kiangazi. Mahindi ya mlimani yakishavunwa na kila kitu kukauka, sisi huko chini tunainua matuta, tunapanda mahindi, maharage na maboga, na watu wangu wanakula hadi mvua zirudi. Bila kinyungu, miezi ile unakwenda kuomba kwa watu. Babu alililima, baba akalilima, mimi nikalilima. Hapakuwa na karatasi. Nani angeandikia shimo?

Akaja mfanyabiashara wa Makambako mwenye malori, mtu wa pwani, mswalihina. Alitaka bonde la kulima viazi na kabichi za kupeleka Dar. Alikuja kwangu kwanza. Nikamwambia siuzi. Akasema, "Sawa, mzee wangu, Mungu akubariki," akanywa maji, akaondoka. Huyo sina neno naye. Wiki haikupita, mtani wangu akatuma watu ofisi ya kijiji: bonde ni la ukoo wake, sisi tuliazimwa tu, na ushahidi umeandikwa.

Nilicheka. Nilidhani utani umerudi. Nilimwambia mke wangu, "Mla viwavi kapona."

Siku ya baraza ofisi ilijaa. Mtendaji wa kijiji alikaa katikati, wazee kushoto na kulia, na kitabu kiko mezani juu ya ile kanga. Kinene kama tofali. Mtendaji akakifungua palipokunjwa, akasoma Kiingereza kwanza, polepole, kila mtu kakaza uso kama yuko kanisani. Kisha akasema kwa Kiswahili: ukoo huu uliingia eneo hili ukiwa wa mateka waliotoroka vita, ukapokewa na wenyeji, ukaazimwa bonde.

"Na panya?" nikauliza. "Mbona hujasoma panya?"

Watu wakacheka kidogo. Mtendaji hakucheka. "Mzee, panya hawapo. Ila hapa chini ya ukurasa kuna namba, na mbele ya namba kuna jina la shahidi." Akasoma jina la mtani wangu. Mtani wangu akainamisha kichwa kama anayebarikiwa.

Nikawatazama wale wazee mmoja mmoja. Wote walikuwapo msibani. Mmoja alicheka siku ile mpaka akajikojolea, na tulimtania kwa hilo miaka mingi. Nikamwambia, "Wewe ulikuwapo. Ilikuwa nini?"

Akatazama kitabu. "Nilikuwapo," akasema, "lakini mambo ya kitaalamu sisi tutayajulia wapi?"

Waongo! Watu wazima wenye meno! Mtu aliyelala kwetu siku chache wanamwamini kuliko masikio yao, kwa kuwa maneno yake yana jalada. Wangeniambia wanataka bonde ningewaelewa, tamaa naijua. Lakini hawakuwa na tamaa hata kidogo, walikuwa na heshima. Waliogopa kukibishia kitabu wasionekane washamba.

Basi nikasimama mbele ya mtani wangu. Nikamwita jina tulilokuwa tukiitana utotoni, ambalo silitaji.

"Mtani, niambie moja. Ulipolala mbele ya jeneza la baba yangu, ulikuwa unatania au hukuwa unatania? Kama ulitania, niachie kinyungu changu. Kama hukutania, basi ulimtukana maiti wa baba yangu mbele ya wajane wake, kwa dhati ya moyo, na hapo si kuku tena. Ni ng'ombe, na mimi na wewe tumekwisha. Chagua."

Nilimwona anataka kucheka. Naapa, mdomo ulianza kwenda upande, kama zamani. Neno moja tu lilitosha. Angesema "nilitania," kila mtu pale angepumua, mtendaji angefunga kitabu, tungekwenda kunywa.

Lakini angesema hivyo, na wanafunzi wangekuja kwa nani? Kwa mzee wa panya?

Akakohoa. Akaegemea fimbo.

"Wakati ule ulikuwa utani," akasema. "Sasa ni historia."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Mtendaji akaandika. Mmoja akarudia taratibu, "Sasa ni historia," kama mtu anayejifunza wimbo.

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na ya babu yake, ya kapu la mbolea, na mengine ambayo hata watani hawasemi. Nikamtazama, nikaona hakuna wa kumtukania. Aliyekuwa amekaa pale hakuwa mtani wangu. Ukimtukana asiye mtani wako unapelekwa polisi.

Mtendaji akasema, "Mzee, kaa, bado hatujafunga kikao."

Nikavaa kofia. Nje mke wangu alikuwa ameketi na wanawake wengine kwenye majani. Akaniona, akasimama bila kuuliza, akafunga kanga yake kiunoni. Watoto walikuwa bondeni wanapalilia maharage. Tukawaita kutoka juu ya kilima, wakapanda na majembe yao. Tukashika njia ya barabara kuu, tukasubiri lori la Makambako. Likaja, tukapanda nyuma juu ya mbao. Kijijini sijarudi.