Mama Alivyomsindikiza Sitati

Mama yangu, Nekoye, aliuza sukuma wiki mtaani Kaptembwo, Nakuru, na pia alikuwa mchukua roho. Majirani walijua la kwanza tu. Mimi, bintiye, nilijua yote mawili, kwani macho ya kuona roho hurithiwa.

Kazi yake ilikuwa kuwarudisha kwao waliofia Nakuru. Aliketi kando ya jeneza akimtajia marehemu kila mahali gari lilipopita, kama wafanyavyo watu wetu wa Bungoma, asije akapotelea njiani. Hakumpoteza hata mmoja.

Kisha kaka yangu Sitati akafa kwa nimonia. Wachukua roho hawaruhusiwi kusindikiza damu yao. Sauti ikikatika kwa kilio, roho hugeuka nyuma, ikatangatanga daima.

Kiprugut, mchukua roho wa Salgaa, alitukuta mochari.

"Mathe, huyu niachie mimi."

"Wewe? Ulimpeleka Mzee Owuor ukasinzia tangu Molo. Akajikuta Uganda!"

"Si alirudi?"

"Kwa miguu, Kiprugut! Na magoti yale!"

Kiprugut akacheka, kisha akauliza, "Na ukilia?"

"Nitalia nikishamfikisha."

Kiprugut akapanda nasi hata hivyo, akaketi nyuma, tayari kumpokea mama kazi akishindwa. Ndugu zetu garini hawakuiona roho ya Sitati. Walimwona tu mama anayezungumza na mwanawe.

"Sitati, hii ni Salgaa. Hapa Sachangwan, wasalimie waliolala hapa, walioteketea na lori la mafuta. Sasa Mau Summit."

Roho ya kaka yangu ilikaa juu ya jeneza, ikitazama mbele.

"Timboroa hii. Kuna baridi, jifu..."

Sauti ikakwama. Mama alikuwa amemfunika hospitalini hadi pumzi ya mwisho. Sitati akaanza kugeuza uso kuelekea Nakuru. Kiprugut akainuka. Mama akamkazia Kiprugut jicho aketi, kisha akamwambia Sitati kwa ile sauti aliyotuitia chakula tulipokuwa watoto:

"Timboroa, nimesema! Jifunike, tunaendelea."

Sitati akatazama mbele tena.

Burnt Forest. Eldoret. Turbo. Webuye. Kila jina alilitamka lote, taratibu, macho makavu. Tulipoingia bomani, Sitati alishuka kabla ya jeneza, akapita mlango wa nyumba ya babu bila kugeuka.

Kiprugut akavua kofia.

Ndipo mama akalia. Alilia hadi wa ng'ambo ya mto wakaja mbio. Shangazi mmoja akataka kumnyamazisha, nikamzuia. Nilisimama kando ya mama, kichwa juu, nikawaacha wote wasikie.