Uzi Huchaguliwa Mlangoni

Miaka tisa sikuwa na kazi, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nina skizofrenia. Nasikia sauti, nameza dawa, na nikiwa mzima nina mdomo kuliko wauza nyanya wote wa Kariakoo.

Mshauri wa kazi wa kliniki yetu hakuniuliza kama nimepona. Aliniuliza napenda nini. Nikamwambia, rangi. Wiki iliyofuata akanipeleka kwenye duka la vifaa vya ushonaji la mama mmoja wa Kichaga, akamweleza ugonjwa wangu mbele yangu, kwa ruhusa yangu. Mama akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Mwezi mmoja," akasema. "Akiweza abaki. Asipoweza tusilaumiane."

Kazi yenyewe ilikuwa kulinganisha nyuzi. Fundi anakuja na kipande cha kitambaa, wewe unamtafutia uzi wa rangi ileile. Mshauri alikuja kila asubuhi kunifanyisha mazoezi, akijifanya mteja mkorofi. Nilikosea mno, mpaka nikagundua kwamba taa za dukani zinadanganya. Tangu hapo kila kitambaa nilitoka nacho mlangoni, juani. Wasukuma mikokoteni walinifokea niwapishe. Nami niliwafokea.

Wiki ya mwisho akaja fundi wa Upanga, mteja mkubwa, na kipande cha hariri ya kijani. Akanitambua.

"Mama, huyu si yule chizi aliyekuwa anatembea peku mitaa ya Gerezani? Ndiye unampa kazi?"

Sauti nazo zikapata la kusema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Basi chagua mwenyewe," mama akamjibu. Fundi akachagua palepale chini ya taa, akabeba boksi zima akaondoka.

"Mama, ule uzi ukiutoa nje ni bluu," nikasema.

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, siku ya mwisho ya mwezi wangu, fundi alirudi na gauni la sendofu ya bibi harusi, mishono yote ya bluu inang'aa kwenye kijani.

"Mama, naomba yule anichagulie."

"Yule nani?"

Akameza mate. "Yule dada wa rangi."

Niliringa, sikatai. Nilichukua gauni taratibu, nikatoka nalo mlangoni. Sauti moja ikaniambia nitakosea tena. Nikaiambia isubiri, niko kazini. Uzi wa tatu niliojaribu ukazama kwenye hariri, hauonekani kabisa. Fundi akaupokea kwa mikono miwili.

Mama, bila kuinua macho, akasema, "Jumatatu uwahi. Kuna mzigo wa zipu unaingia."

Nikalia palepale mlangoni, juani, kwa furaha tupu. Na kwa mara ya kwanza wasukuma mikokoteni wakanipisha mimi.