Goti la Mgeni Wetu

Kwanza, kama mwalimu, nitenganishe niliyoyaona na niliyoyasikia. Nilimwona mzee Mmarekani mwenye mabega mapana, anayechechemea, akifikia nyumbani kwangu Kaaga kama mgeni wa kanisa. Nilisikia kwamba katika miaka ya hamsini alikuwa nyota wa kandanda ya kwao, ile ya kukimbia na mpira mikononi huku wanaume wakikuangusha, hadi goti likavunjika, akapasuliwa, kisha akaja kufundisha Runyenjes.

Kila jioni mke wangu alimsikiliza kwa mshangao ambao mimi sijawahi kuupata. Juzi akampa firigisi ya kuku, iliyokuwa yangu tangu tuoane.

"Huyo hakupasuliwa popote," nilimwambia jikoni. "Huo ni uzee tu."

"Umeliona goti lake, Baba Kinoti?"

"Sijaliona."

"Basi nyamaza. Si wewe hutukataza kusema tusiyoyaona?"

Kwa hiyo Jumamosi, mgeni alipoingia katika bafu letu la mabati, nilipanda juu ya ndoo ili nichungulie. Akina mama wa kanisa walikuwa uani wakimenya viazi, lakini wivu ulikuwa umenipofusha. Niliposhika bati, misumari iling'oka, nikaanguka nalo ndani, kifudifudi, miguuni pa mgeni. Alijifunga taulo upesi.

"Mwalimu," aliuliza kwa upole, "umepoteza kitu?"

"Baba Kinoti!" mke wangu alipaza sauti, na akina mama wote wakageuka na visu mikononi.

Kovu lipo, kwenye goti la kulia. Hilo naweza kuliapia.