Visu Viwili Mezani kwa Shemeji

Mimi sikusoma sana. Niliachia darasa la sita, nikasukuma toroli la viazi hapa Timau mpaka nikafungua duka langu la vifaa vya ujenzi, na nyumba ninayolala ni ya mawe, si ya mabati. Nasema hivyo mjue sitikiswi na kitu kidogo. Lakini kisu kimoja kimenitikisa, na mpaka leo sijakaa sawa.

Jioni nikifunga duka, wengine wanaenda kutazama mpira. Mimi starehe yangu ni visu. Nanunua kisu cha kawaida cha jikoni, natoa ule mpini wa plastiki, napunguza chuma kwa grenda pole pole nikikichovya kwenye maji kisiungue. Halafu nakitia mpini wa mutamaiyo, ule mti mgumu wa huku mlimani ambao ukiupiga msasa unang'aa kama umepakwa mafuta. Misumari ya mpini nachonga kutoka kwa shaba ya koki za mfereji zilizoharibika. Siuzi. Nikikupenda nitakuonyesha.

Kile kizuri kuliko vyote nilimwazima shemeji yangu, kaka ya mke wangu, mwalimu kule Kanja, achinjie mbuzi wa Krismasi. Kikamwingia moyoni, akaomba nimfundishe. Nikamfundisha. Nikampa hata kipande cha gogo lile lile lililotoa mpini wangu, na shaba ya misumari juu yake. Si nilijua hataweza?

"Mwalimu," nikamwambia mbele ya wazee wa kwao, "kuiga utaiga, lakini hata ulete visu mia, changu nitakijua nikiwa nimefumba macho."

Pasaka tukaenda kukichukua. Tulipomaliza chai, shemeji akaweka visu viwili mezani.

"Chukua chako," akasema.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Chuma sawa, urefu sawa, misumari mahali pamoja. Kumbe alikuwa amechora changu kwenye karatasi, kila kona. Nikashika kimoja, nikashika cha pili. Nikafumba macho kweli. Vyote vililala mkononi kama vimezaliwa hapo.

"Ni mtihani wa taifa?" mke wangu akauliza. "Chukua twende, ng'ombe hawajakamuliwa."

"Mwache," baba mkwe akasema. "Leo anasoma."

Wakacheka wote. Mimi jasho lilikuwa mgongoni. Hiyo nyumba naijua: nikikosea, wataisimulia kwa kila harusi mpaka niwe na wajukuu.

Kwa ukucha nikapata ufa mdogo kwenye kimoja, kati ya mti na chuma, umezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Ujanja huo ni mimi nilimfunza. Lakini na mimi huutumia. Kwa hiki niliutumia? Nilijitafuta kichwani, sikupata kitu. Nikachukua kile kisicho na ufa.

"Hiki."

"Una hakika, shemeji?"

"Kazi ya mkono wangu siisahau."

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia.

Nyumbani nikakatia nyama. Kikapita kama kinakata ugali. Changu hakijawahi kukata hivyo! Au kiliwahi? Labda alikinoa. Labda mwalimu, mtu wa chaki, amenishinda. Nikaona wacha nimpigie simu.

"Shemeji, sasa tuko wawili tu. Nilibeba kipi?"

Nikasikia kuku wake.

"Kwani hukujua?"

"Nilijua. Nauliza kama wewe ulijua."

"Mimi vilinichanganya zamani," akasema. "Mama watoto aliviosha pamoja, akavianika pamoja, basi. Nikasema wacha mwenyewe aje, si alisema anajua? Ulipochagua nikafurahi sana. Hiki kilichobaki nimekionyesha mpaka walimu wenzangu."

"Kiko na ufa?"

"Kiko. Lakini sikumbuki kama ni mimi niliuziba."

Nikamwambia aendelee kukionyesha. Ningemwambia nini?

Changu kiko ukutani sebuleni, mahali mgeni hawezi kukosa kukiona. Juzi mteja mmoja aliyekuja nyumbani alikishusha, akakigeuza, akasema, "Mzee, hii mikono yako imebarikiwa." Nikasema ahsante. Alipoondoka nikabaki nimesimama pale, sijui hiyo ahsante nilikuwa naipokea kwa niaba ya nani.