Shapo Iliyozama Masikioni

Kwa watu wa Domitille, mume aliyefiwa ananyolewa nywele na anakaa kichwa wazi mpaka siku ya kutoa kilio, mwisho wa matanga. Siku hiyo ndugu za marehemu wanamvika shapo mpya, kofia ya ukingo, mbele ya watu, na hapo ndipo anahesabiwa tena kati ya wazima. Shapo anaichagua mwenyewe. Hatumi mtu. Ile ya zamani wanapewa wachimba kaburi, ni haki yao.

Basi Muzee Cirimwami alitoka kwake Murara asubuhi, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, binti yake Bénita akimfuata. Alikuwa mjenzi wa kuta za mawe. Nyua nyingi za mtaa ule alizipanga yeye, bila kamba ya kupimia. Alitazama pengo, akatazama jiwe, akaliweka, likakaa. Lakini shapo hakuwahi kununua tangu alipooa. Zote zililetwa na Domitille, mkewe aliyekufa. Alikuja nazo ndani ya kitenge, akamvika, zikamkaa kama kifuniko na chungu chake.

"Unajua unayoitaka, papa?" Bénita aliuliza.

"Ninajua."

Aliijua tangu ujana. Zamani mapadri walikuwa wanatundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa parokia siku ya Jumamosi na kuonyesha sinema. Maneno yalikuwa ya Kifaransa, hakuyaelewa. Aliona tu wanaume wa shapo: ukingo mpana ulioinama kidogo juu ya jicho, mkunjo katikati ya utosi, utepe mweusi. Mvua iliwanyeshea na hawakukimbia. Katika giza lile alikuwa amekaa karibu na msichana mmoja anayekula karanga. Akamwambia, "Siku moja utaniona na ile." Msichana akajibu, "Kwanza utafute viatu." Huyo ndiye Domitille.

Duka la Modeste, muuza shapo, lilikuwa mtaa wa Mabanga, chumba cha mbao, shapo zimening'inia mpaka juu. Zilitoka kwenye mabalo, marobota ya nguo kuukuu za Ulaya, naye alizifufua. Alizipitisha kwenye mvuke wa birika, akazikunja upya kwa vidole, akabadilisha utepe.

"Pole kwa mama, papa," alisema akiinuka. "Mama Domitille alikuwa mutu."

"Ndiyo. Nataka ile ya sinema. Ya wanaume wa zamani."

Modeste hakuuliza zaidi. Alishusha moja ya kahawia, akaipangusa kwa mkono wa shati. Ilikuwa ni yenyewe: ukingo, mkunjo, utepe. Cirimwami aliipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto. Akaivaa.

Ikazama. Ilipita nyusi, ikapita masikio, ikasimama puani. Hakuona duka tena, wala binti yake.

Akaitoa. "Hii ni ya nani?"

"Ni namba yako, papa. Ile ya siku zote."

Modeste alileta nyingine ya namba ileile. Ikazama. Akaleta ya tatu, nayo ikazama. Kwenye kioo Cirimwami aliona kichwa kilichonyolewa, kidogo, kama cha mtoto aliyetoka kuumwa. Alikuwa amesikia kwamba huzuni inakula ini, inakula macho. Kwamba inakula na fuvu hakuwahi kuambiwa.

"Bénita," alisema polepole, "kilio imenikula kichwa."

Bénita hakucheka. Alimtazama Modeste. Modeste alitazama birika.

"Ni nywele, papa," Bénita alisema. "Ulinyolewa."

"Nywele haijaze vidole vitatu." Pengo ni kitu alichokijua.

Modeste alikuna shingo. "Papa, mama hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

Kijana yule alivuta sanduku lililokuwa chini ya meza, akatoa kipande cha blanketi kilichokatwa kirefu na chembamba kama mshipi. "Kila shapo yako, mama alikuwa anakuya nayo hapa. Nafungua huu mukanda wa ngozi wa ndani, naweka kipande ya blanketi, nashona tena juu. Mutu haione. Kabla yangu ni papa yangu alikuwa anashona. Na ile ya kwanza, ya ndoa, mama aliishona yeye mwenyewe usiku."

Cirimwami alitafuta benchi kwa mkono, akakaa.

Ile ya ndoa. Aliinunua kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama. Kanisani ilimwangukia machoni, vijana wakacheka mpaka padri akakohoa. Kesho yake asubuhi aliivaa tena, ikakaa sawasawa. Basi akajitafutia sababu mwenyewe, akaipata, akaiamini kama mtu anavyoamini kwamba kutakucha: mwanaume akioa, kichwa kinaongezeka.

Na hakuiweka moyoni. Kila arusi ya mtaa alisimama, akavua shapo, akawaonyesha. "Bwana arusi, usiogope. Kichwa yako itaongezeka. Mawazo ya nyumba inaomba nafasi." Watu walipiga makofi. Domitille alipiga makofi pamoja nao.

"Nani anajua?" Cirimwami aliuliza.

"Papa..."

"Nani?"

"Mama mukubwa Dative," Bénita alisema. "Na wanawake wa kanisa. Na mimi."

"Wewe toka lini?"

"Toka nikiwa mutoto. Nilikuwa namushikia uzi."

Hakukasirika. Hasira inahitaji pa kusimama, naye hakuwa napo. Alikumbuka siku za mvua. Kabla hajavuka mlango mkewe alikuwa amekwisha kumvua shapo: "Lete, nitaikausha mimi." Alijisifu kwa wenzake kwenye ujenzi kwamba mke wake anamheshimu. Kumbe alikuwa anakamua blanketi.

Halafu likaja swali lingine: ni wapi pengine alipomshonea? Nyama iliyotosha siku zote kwenye sahani yake. Nyimbo zake za kanisani ambazo Domitille alisema zina sauti nzuri. Hata kuta, jioni alipomwambia, "Ule wa leo umenyooka." Alijigusa kichwa kwa vidole, huku na huku, kama kitu cha mtu mwingine. Muda wote huu alikuwa anamlilia mwanamke aliyemjua. Huyu wa blanketi hakuwahi kukutana naye, na huyu naye amekufa.

"Nikushonee, papa?" Modeste aliuliza kwa sauti ndogo. "Haikawie. Kesho batu bataona Cirimwami yuleyule."

"Mwache ashone," Bénita alisema. "Kesho watakuomba useme ile ya kichwa. Wanaingojea."

Alitazama ile ya kahawia mezani. Haikuwa na kosa. Ndiyo aliyoitaka maisha yake yote.

"Ndogo haiko?"

"Iko moja tu, ya rangi ya majivu. Lakini ukingo wake ni mufupi, papa. Haiko ya sinema."

"Lete."

Aliivaa. Ikakaa. Ngozi ya ndani iligusa ngozi yake, baridi, bila kitu katikati. Hakuwahi kuisikia hivyo.

"Ile ingine ndiyo ulikuya kutafuta," Modeste alisema.

"Mutu wa sinema alikuwa na kichwa yake."

Kesho yake uwanja ulijaa viti. Padri alisali, watu wakala, kisha Dative, dada mkubwa wa marehemu, akasimama na ile shapo ya majivu mkononi. Kabla ya kumvika shemeji yake, kidole chake kiliingia chenyewe chini ya mkanda wa ndani, kikapita kikizunguka. Kikasimama.

"Shemeki," alinong'ona, "haiko kitu humu."

"Haiko."

"Nani alikuambia?"

"Modeste."

Dative aliutoa kidole. Watu wakaanza kutazamana. "Alituapisha sisi wote," Dative alisema. "Alisema atakayekuambia, asimuite tena dada."

"Nivike."

Akamvika. Nyuma, vijana walikuwa wamekwisha kuanza: "Muzee, tuambie ile ya kichwa! Ile ya kichwa!"

Cirimwami alisimama. Hakuvua shapo.

"Kichwa yangu ni kadogo," alisema. "Ilikuwa kadogo toka mwanzo. Domitille alikuwa anajua."

Mmoja alianza kucheka, akaacha. Kwenye viti vya wanawake wa kanisa hakuna aliyeinua macho. Bénita peke yake ndiye aliyekuwa anamtazama. Muzee alikaa, akaomba maji.