Alikuja, Bwana

Daftari la Kijapani la mjukuu wangu liko mezani. Ameniambia kwamba Wajapani hutia "mashita" mwishoni mwa kitenzi wakitaka kusema kwa adabu kwamba jambo limeshapita.

Mimi nilijifunza jambo kama hilo kwa Kiswahili, huko Embu, siku za Hali ya Hatari, wakoloni walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Nyumbani tulisema Kiembu tu. Alfajiri moja baba alitoka msituni, akajificha nyuma ya magunia yetu ya mahindi. Mama akanishika kidevu.

"Askari akiuliza, usiseme 'baba amekuja.' Hiyo ni kusema yuko. Sema, 'Alikuja, bwana.' Yaani alikuja, akaenda."

Kulipokucha askari aliingia, akachuchumaa mbele yangu.

"Baba yako amekuja?"

Alikuwa ametumia neno lile lile nililokatazwa.

"Alikuja, bwana."

"Lini?"

"Zamani, bwana. Alikuja, akaenda."

Akacheka, akamwambia mama kwamba mtoto wake anajua Kiswahili, akatoka.

Jioni, kabla ya kuondoka, baba alinibeba. Hatukumwona tena.