Kubeba bastola kiunoni wakati una mtoto anayetaka mgongo: yaliyonikuta kati ya Kerende na Gorong'a

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Na kina dada mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, nawaona pia.

Kuna mwenzetu aliuliza humu: mwanamke anayemiliki bastola kihalali anaibebaje bila watu kujua? Akajibiwa na wanaume watupu. Mmoja akamwambia avae koti la suti. Koti la suti, huku kwetu machimboni Nyamongo, jua la saa saba, juu ya bodaboda. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona ngoja niandike.

Haya ni yangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina tu ndiyo nimebadilisha. Niiteni Bhoke.

Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mimi ni Mkurya wa Gorong'a ila riziki yangu iko Kerende, kule kwenye machimbo. Nanunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo na kwa kina mama wanaookota mawe na kuyasaga karashani. Leseni ninayo. Kazi yenyewe ni mzani, maneno mengi, na kutembea na kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukuulia.

Nilivamiwa mchana kweupe, kwenye kinjia kinachokatisha shamba la mahindi. Panga shingoni. Nikatoa kila kitu, na mpaka leo naona nilifanya sawa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba baada ya hapo, yeyote akitembea nyuma yangu, hata kama ni mama na ndoo yake, moyo unaruka.

Ndipo nikaanza kufuatilia kibali.

Mwenye haraka asianze. Unaanzia serikali ya kijiji, unapanda wilayani, unapanda mkoani. Wanachunguza tabia yako, ugomvi wako, pombe yako. Na mafunzo unapitia. Najua kuna watu watanong'ona kwamba Sirari si mbali na mpakani kila kitu kinapatikana. Usithubutu. Bastola isiyo na karatasi ni kesi unayotembea nayo mwilini.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Unamwamkia shikamoo, anaitika, na hapo maongezi yameisha. Lakini jambo moja alilirudia mpaka likanikera.

"Binti, usiiweke kwenye mkoba. Silaha ya kwenye mkoba ni ya yeyote atakayeshika mkoba."

Nikasema ndiyo mzee. Kibali kilipotoka nikanunua bastola, nikaenda nikaiweka kwenye mkoba.

Msinihukumu haraka. Mimi ni mtu wa magauni na vitenge, na gauni halina mkanda. Kwa mama yangu huingii na suruali ukasalimika. Mkoba niliuona ni rahisi: zipu ya pembeni, bastola ndani, mkono juu ya zipu, safari.

Sasa niwaambie kuhusu Ghati.

Ghati ni mwanangu wa pekee. Baba yake alikwenda Geita kutafuta maisha, akayapata, akapata na mke mwingine huko huko. Mtoto analelewa na mama yangu Gorong'a, kwa sababu Kerende si mahali pa kumwacha mtoto mdogo acheze huku wewe akili iko kwenye mzani.

Kumkumbuka mtoto aliye mbali ni jambo la mwili kabisa, wakuu. Asiyelijua nampongeza. Nikiwa karashani naona kina mama wanachekecha mawe, watoto wamelala migongoni, vichwa vinaning'inia, na mgongo wangu mimi unahisi baridi na jua linawaka. Kuna mmoja nilikuwa namwomba anipe mwanawe nimshike kidogo wakati napima mzigo wake. Wenzangu wakasema Bhoke anapunja watu kwa kuwabembelezea watoto. Niliwaacha waseme.

Turudi kwenye mkoba.

Kwetu mgeni akionekana njiani, watoto wanakimbia kumpokea, na kumpokea ni kumchukulia mzigo. Mgeni kuingia uani na mfuko wake mkononi ni aibu ya nyumba nzima. Na mgeni kuung'ang'ania mfuko wake ni kama anasema humu ndani kuna wezi.

Siku moja nilishuka kwenye boda, Ghati akaniona kutoka kwenye migomba. Akaja mbio, mikono wazi, anapiga kelele "Mama! Mama!" Nikachuchumaa. Yeye, kwa jinsi bibi yake alivyomfundisha adabu, hakuanza na mimi. Alianza na mkoba. Akaudaka kwa mikono miwili, na vidole vikaenda moja kwa moja kwenye zipu ya pembeni, kwa sababu huko ndiko biskuti zake zilikuwa zinakaa zamani.

Nikampokonya. Nikamfokea "Acha!" kwa sauti ninayoitumia kwa wanaume wa machimboni.

Akakaa chini kwa makalio. Hakulia. Alinitazama tu, kama mtu aliyekosea nyumba.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni na chungio la unga mkononi. Akaniuliza taratibu, na mama yangu akiuliza taratibu ujue mambo ni mabaya.

"We Bhoke, mtoto anakupokea, unamnyang'anya? Humo umebeba nini cha kumshinda mwanao?"

Nikamjibu ni vitu vya kazi. Akarudi ndani kuchekecha unga wake. Ugali wa udaga wa muhogo siku hiyo niliula bila kuangalia mtu usoni.

Kwa hiyo dada uliyeuliza, jibu la kwanza ni hilo. Mkoba hapana. Huku kwetu mkoba wa mgeni si wake, ni wa watoto, hata uuvae shingoni.

Baada ya hapo nikahamia kiunoni. Haya ndiyo yaliyonisaidia, kila mtu apime na mwili wake.

Tafuta holster, yaani ala ya bastola, ngumu inayofunika kifyatulio chote. Zile za kitambaa laini zinazouzwa barabarani waachie wenyewe. Mkanda uwe mnene wa ngozi, usiolegea. Mimi nilimpelekea fundi viatu, akanishonea wa upana niliotaka, na hakuuliza wa nini. Chini nikaanza kuvaa suruali, na nikienda kwa mama nazungushia kitenge juu yake, juu blauzi pana ya kitenge, yenye maua mengi, inayoshuka hadi mapajani. Maua yanaficha umbo. Kitambaa cha rangi moja kinakuchongea.

Usiiguseguse. Hili ndilo kosa la kila mgeni wa silaha: anapapasa kiuno kila akipita kwenye watu, na mwizi anayejua kazi yake anaangalia mkono wako. Ukiinama kuokota kitu, piga magoti, usikunje mgongo. Pombe sahau, hata ya msibani. Usimwambie mtu, maana siri ya Kerende ikishafika kwa muuza chai imeshafika kijiji cha pili.

Na ukivamiwa kwa ajili ya mali, toa mali. Bastola ni ya pale ambapo wamechukua mali na bado wanataka na roho. Yule mzee wa mafunzo alinifundisha hilo kabla hajaniruhusu hata kuishika.

Nyumbani kwenye watoto haivuliwi ikawekwa juu ya kabati. Ama iko mwilini, ama iko kwenye sanduku la chuma, na ufunguo unalala na wewe.

Sasa hapo nikajiona nimemaliza. Mkoba uko huru, biskuti ziko ndani, Ghati apokee anavyotaka.

Safari iliyofuata alikuja tena, polepole kidogo. Nikamwonyesha mkoba, akauchukua, akaupeleka ndani, akarudi mbio na kunirukia kiunoni kama zamani. Kichwa chake kikagonga pale pale. Akashika paji la uso. Akataka nimbebe mgongoni twende dukani, ulikuwa mchezo wetu tangu anajifunza kutembea.

Ningembebaje? Mtoto wa mgongoni anakushika kiuno kwa mapaja. Goti lake la kulia lingekaa juu ya bastola njia nzima.

Nikamwambia mama anaumwa mgongo.

Akakubali. Tukaenda dukani kwa miguu, tumeshikana mikono, na njia nzima nilikuwa nawaza uzito wake.

Kuanzia hapo mtoto akabadilika. Nikifika anasimama mbali, "Shikamoo mama," anapokea mkoba kwa heshima, anakwenda kukaa karibu na bibi yake. Harukii. Haombi mgongo. Nikimwita anakuja, anasimama kando upande wa kushoto, ametulia kama yuko kanisani.

Siku moja nikamsikia nyuma ya nyumba akimwambia mtoto wa jirani, "Yule ni mama Kerende." Bibi yake ndiye mama. Mimi nimekuwa mama Kerende.

Nilirudi kazini nikiwa sijielewi. Nilikuwa na silaha, nilikuwa na leseni, nilikuwa nalindwa kila upande, na kitu pekee nilichokuwa nakitaka usiku na mchana ni mtoto kunikaba shingo mpaka nikohoe. Na watoto hawasubiri. Kila nikienda miguu imerefuka. Nilijua kuna siku itafika nitakuwa na mgongo mtupu na yeye atakuwa ameshakuwa mkubwa wa kutobebwa.

Ikabidi nifikirie vizuri. Hii bastola inalinda nini? Inalinda mzigo na njia ya mzigo. Nikienda Gorong'a kumwona mtoto sina dhahabu, sina pesa ya watu. Nabeba sukari na sabuni. Kwa nini naivaa?

Jibu la kweli ni woga, na kutojua pa kuiacha, maana kwenye chumba changu cha kupanga Kerende mwizi anabeba sanduku zima na kilichomo.

Nikaenda kituo cha polisi, nikamwamkia sajenti mmoja mtu mzima, nikamweleza kwamba nasafiri kwenda kwa mama, sitaki kwenda nayo na sitaki kuiacha geto. Akanitazama.

"Mama, si uilete tu hapa? Tunaandikishana, inalala kwenye ghala la silaha, ukirudi unachukua. Watu wanazifukia kwenye magunia ya mahindi huko, hawaulizi."

Muda wote huo! Na kituo napita mbele yake kila siku.

Nikakabidhi, nikapanda boda. Sitawadanganya kwamba nilijisikia mwepesi. Kwenye lile shamba la mahindi dereva akapunguza mwendo kupisha ng'ombe, nikamwambia, "Mura, kijana wangu, pita tu pembeni, usisimame." Kiuno kilikuwa kitupu na nilikuwa na uhakika dunia nzima inakiona.

Nilipofika, Ghati alikuwa anatoka kisimani na kidumu chake. Shikamoo, marahaba. Akapokea mkoba. Nikamfuata hadi pale alipouweka, nikapiga magoti, nikampa mgongo.

"Panda."

Akabaki amesimama. Akamtazama bibi yake. Mama yangu akasema, "Si unaitwa wewe?"

Akapanda taratibu sana, kama anapanda kitanda cha mgonjwa. Nikasimama naye. Amekuwa mzito, miguu inafika karibu na magoti yangu. Nikaanza kutembea kuelekea dukani, na nikahisi goti lake la kulia linatafuta tafuta pale kiunoni.

"Mama, ule mfupa umetolewa?"

"Mfupa gani?"

"Wa hapa. Ule mgumu. Nilijigonga siku ile, halafu ukasema unaumwa. Ndiyo maana sikurukii, usiumie. Na upande huu sikai."

Wakuu, nilisimama katikati ya njia.

Miezi yote ile nilikuwa najua mwanangu amenichoka. Kumbe alikuwa ananiuguza. Alikuwa anakaa mbali nami kwa kunihurumia, na bibi yake hakujua, na mimi sikujua, na hakuna aliyemwambia aache.

Nikalia naye akiwa mgongoni. Akanipapasa kichwa kwa nyuma, kisha akauliza:

"Umepona kabisa, au umepona leo tu?"

Sikuweza kumdanganya mara ya pili. Nikamwambia leo tu.

Akasema, "Haya." Akanikaba shingo.

Jumatatu nikapita kituoni, nikachukua silaha yangu, nikaingia kazini. Ninaandika haya Kerende na iko kiunoni.

Nilichojifunza ni hiki. Kununua, kuficha na kulenga, vyote vinafundishika. Kujua ni siku gani huihitaji hakuna aliyenifundisha. Kama siku hiyo huna cha kulinda kwa bastola, ikabidhi polisi kwa maandishi uende kwa watu wako na mwili wako wote. Na tusiwadanganye watoto kuhusu miili yetu, wanayashika maneno yetu kuliko tunavyodhani.

Wanaosema niache kazi hii nimewasikia kabla hawajaandika. Nikiiacha, sukari, sabuni na ada ya shule mwakani vinatoka wapi? Wenye jibu walete, nasoma yote.

Na nyie mnaobeba na mna watoto wadogo, mwambieni dada aliyeuliza mnafanyaje. Kisha mnisaidie na mimi: naenda tena mwisho wa mwezi, na najua ataniuliza nitapona lini. Nyie mngemjibu nini?